Ishara hazitamzuia kuongea
Dada, umeuliza kama lugha ya ishara itamzuia kijana wako kiziwi wa miaka 3 kutamka. Haitamzuia. Kinachomrudisha nyuma mtoto kiziwi ni kukaa bila lugha yoyote miaka ile ya mwanzo, wakati ubongo unaidaka lugha kwa wepesi. Usingoje afike darasa la kwanza! Mpeleke KISE, ile taasisi ya elimu maalum pale Kasarani, Nairobi, afanyiwe tathmini. Lugha ya Ishara ya Kenya imo kwenye Katiba ya 2010, kifungu cha 7, kwa hiyo usiione haya matatuni. Na mjifunze nyote, baba yake, hata shosho. Nimeona watoto viziwi wakirudi likizo wakakosa wa kuzungumza naye nyumbani, inaniuma sana. Anza leo: maji, njoo, kulala.