Usiongeze unene kwenye maungio ya mbavu, angalia duara kwanza

Mkuu, nimesoma swali lako: kishikilio cha mota cha alumini, programu ya kompyuta ya kuondoa metali isiyobeba mzigo imekupunguzia uzito vizuri, lakini kikishasubiwa na kutoka kwenye kalibu ya mchanga kina vitundu ndani ya maungio ya mbavu (kuta nyembamba za kukiimarisha), na sasa unataka kunenepesha palepale. Usinenepeshe. Vitundu vitakua.

Programu ile huhesabu kana kwamba metali ni nzima kila mahali. Alumini ikiganda husinyaa kwa takribani asilimia 6 ya ujazo wake, na pengo hilo lazima lijazwe na metali ambayo bado ni ya maji. Sehemu inayoganda mwisho, ikiwa imezungukwa na kuta zilizokwisha kuganda, haina pa kunywea. Na muda wa kuganda hufuata mraba wa ujazo gawanya kwa eneo la uso (kanuni ya Chvorinov), kwa hiyo ukuta wenye unene mara mbili huchukua muda karibu mara nne.

Mimi huanza na duara, hata kabla ya kuwasha kompyuta. Chora duara kubwa kabisa linaloweza kukaa ndani ya ungio; kipenyo chake kichukulie kama unene wa hapo. Kuta mbili za mm 10 zikikutana kwa umbo la T, kona zikiwa kali, duara lina kipenyo cha mm 12.5. Ukizungusha kona kwa rediasi ya mm 4 linafika 14.5. Ukizizungusha kwa mm 10, kama wengi wanavyopenda kwa kuogopa mipasuko, linafika 17.5, na mraba wake ni mara tatu ya ule wa ukuta! Hapo umejitengenezea donge la moto, yaani sehemu inayoganda mwisho, kwa mkono wako mwenyewe. Kona kali nayo haifai, maana hukusanya mkazo na hupasuka metali ikisinyaa. Ila mm 3 hadi 5 kwa ukuta huo zinatosha.

Mbavu zinazokatana kama msalaba zitenganishe: moja iishie upande huu, ya pili ianzie mbele kidogo, upate T mbili badala ya X moja. Ubavu wenyewe uwe mwembamba kuliko ukuta, mimi hutumia kama 0.7 ya unene wake, ili ugande kwanza na uweze kunywa kutoka ukutani.

Halafu rudi kwenye programu uiwekee masharti: mwelekeo wa kutoa pateni (mfano unaochapa umbo la kitu) mchangani, unene wa chini kabisa, na hakuna uwazi uliofungiwa ndani. Matokeo yatakuwa mazito kidogo kuliko uliyonayo. Yakubali, kwa sababu ule wepesi wa kwanza ulikuwa wa kwenye skrini tu.

(Kwa atakayesubu kitu hiki kwa chuma cha kijivu: kinahimili kugandamizwa mara tatu hadi nne kuliko kuvutwa, basi mbavu ziweke upande unaogandamizwa. Kwa alumini jambo hilo halina uzito sana.)

Hujasema kishikilio kinamiminwa upande gani ukiwa juu, wala raiza (hifadhi ya metali ya maji inayolisha kitu kinapoganda) imekaa wapi. Unene unatakiwa uongezeke polepole kuelekea kwenye raiza, na kama kuna ungio lililo mbali nayo ambalo huwezi kulihamisha, mwambie msubuji aweke kipande cha chuma cha kupoozea mchangani mahali hapo. Tupia mchoro wenye mstari wa kugawa kalibu, yaani pale nusu zake mbili zinapokutana, tuuangalie.