Injini ikimisi silinda moja: majibu kwa wasomaji wa Mombasa

Probox yangu inatetemeka nikisimama kwenye foleni. Fundi ameipima kwa mashine, ikatoa P0303, akaniambia ninunue koili zote nne. Ninunue? (Kisauni)

Ndugu yangu, usinunue hata moja kwanza. P0303 yasema silinda ya tatu inamisi, yaani haichomi sawasawa, basi. Sababu haikutajwa: yaweza kuwa koili (inayoipa plagi umeme), plagi, injekta (inayopulizia petroli), au vali isiyofunga vizuri.

Kuipata hakuhitaji spea mpya. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, hamisha koili ya silinda ya tatu uipeleke ya pili, na ya pili uilete ya tatu. Hesabu yaanzia upande wa mikanda. Mwambie fundi afute kosa kwenye mashine, kisha liendeshe gari mpaka litetemeke tena. Mashine ikisoma P0302, kosa limehama pamoja na koili: nunua hiyo moja. Ikirudi P0303, koili ni nzima. Hamisha plagi vivyo hivyo, halafu injekta. Fundi akikataa kufanya jaribio hili, tafuta mwingine. Inaniuma kuona mtu amemaliza pesa za karo kwa koili tatu zisizo na kosa.

Nikipandisha kutoka kwenye feri, taa ya injini inawaka na kuzima mfululizo. Nifike tu kazini? (Likoni)

Hapana, dada. Ondoa mguu kwenye mafuta, utafute pa kusimama. Taa ikimetameta hivyo, petroli isiyoungua inaingia kwenye ekzosti na kuunguza katalisti, kile kisafisha moshi kilichomo humo, na bei ya katalisti yazidi mbali ile ya plagi na koili.

Huku kwetu hakuna mashine. Nitajuaje silinda yenye kosa? (Mtwapa)

Zima injini, chomoa soketi ya koili moja, washa, sikiliza. Injini ikizidi kutetemeka, silinda hiyo ilikuwa ikifanya kazi. Zima, irudishe, nenda kwa inayofuata. Ile ambayo ukiichomoa hakuna kinachobadilika ndiyo yenye kosa. Usiiache injini ikinguruma na soketi imechomolewa zaidi ya sekunde chache. Na kama gari ni la zamani, la waya za plagi, usiuvute waya injini ikiwa inawaka. Umeme wake ni maelfu ya volti.

Nimekuta oili kwenye tundu la plagi. (Nyali)

Sili za matundu ya plagi, chini ya tapeti kava (kile kifuniko cha juu ya injini), zimechoka. Zibadilishe, ukaushe tundu, ndipo utie plagi. La sivyo mpya nayo italowa. Ukiwa hapo, tazama pini za soketi ya koili. Sisi tunaishi na upepo wa chumvi, na kutu ya kijani kwenye pini yatosha kuimisisha injini.

Plagi, koili na injekta vyote nimehamisha, kosa halitoki silinda ya nne. (Changamwe)

Basi pima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa, ya silinda zote nne. Ya nne ikiwa chini sana kuliko wenzake, tia kijiko cha oili kwenye tundu lake, upime tena. Ikipanda, ringi za pistoni zimelika. Isipopanda, ni vali au gasketi ya hedi. Kama pia maji ya rejeta yanapungua, na plagi hiyo yatoka safi kana kwamba imeoshwa, anza na gasketi.