Siku mwanangu alipotaja jina la kaka yake

Mwanangu alikuwa na miaka 7 mgeni alipomuuliza anaitwa nani. Midomo ikabana, macho akayafumba, mguu ukapiga sakafu mara mbili. Kisha, haraka na bila kukwama, akataja jina la kaka yake. Mgeni akampa mkono. Mimi niliganda.

Hadi siku ile nilidhani shida yetu ni kigugumizi, kumbe kilichokuwa kikimtafuna ni hofu. Nilipoanza kumsikiliza vizuri, nikagundua kwamba kila neno gumu analizunguka: badala ya "maji" anasema "ile ya kunywa". Jina lake tu ndilo halikuwa na pa kuzungukia.

Kigugumizi chenyewe sikukileta mimi, na wewe mzazi usijilaumu. Kinatokana na jinsi ubongo unavyoendesha usemi, na mara nyingi kimo ndani ya ukoo. Kwa wengi huanza kati ya miaka 2 na 5, na wengi kinawaacha wakiwa bado wadogo. Lakini hofu nilichangia. "Pumua kwanza." "Anza upya, polepole." Nilisema kwa upendo, naye akasikia kwamba amekosea tena. Hata kummalizia sentensi, ambako nilikuona ni huruma, kulimwambia kwamba siwezi kuvumilia kumsubiri.

Nikaacha. Kunyamaza kulinishinda wiki nzima za mwanzo, maana ulimi unawasha kweli unapolijua neno analolitafuta mtoto. Nilijifunza kumtazama usoni kwa utulivu mpaka amalize, halafu nijibu alichosema, si namna alivyokisema. Nikapunguza kasi ya maneno yangu mwenyewe badala ya kumwamuru apunguze yake. Na neno kigugumizi tukaanza kulitaja nyumbani waziwazi, kama tunavyotaja miwani ya mtu.

Mtaalamu wa tiba ya usemi alituongezea zoezi nililolitilia shaka: kugugumiza kwa makusudi. Tulikaa mezani, nikaanza mimi. Mwanangu akaniangalia kwa makini, akasema, "Mama, hapo umekwama kidogo tu. Kwama zaidi." Kabla ya hapo hakuwahi kuzungumzia kukwama bila kuinamisha kichwa. Ukiona mtoto anakwepa maneno, anapepesa macho au anakataa kuongea, mtafute mtaalamu mapema, usisubiri kigugumizi kipite.

Shuleni niliomba asisamehewe kusoma kwa sauti, kwa sababu kila anaposamehewa hofu inanenepa. Mwalimu akakubali aanze kwa kusoma pamoja na mwenzake, kwani wengi wenye kigugumizi hawakwami wanaposoma kwa pamoja au wanapoimba. Wakicheka wenzake, mwalimu ndiye wa kuwakanya, si yeye.

Mwezi uliopita simu iliita, akaiwahi. Wakamuuliza ni nani. Sauti ya kwanza ya jina lake ikagoma. Nilihesabu moyoni: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Likatoka, jina lake mwenyewe, kisha akauliza, "Unamtaka mama?"