Kiyoyozi Kifungwe kwa Usalama: Maswali Mawili Kutoka Moshi na Arusha

SWALI: Fundi Mshauri, salaam. Ninaishi Pasua, hapa Moshi. Nimenunua kiyoyozi kilichotumika, cha BTU 12,000 (kipimo cha nguvu ya kupoza), ili mama yangu apate kulala vizuri miezi hii ya joto. Fundi niliyempata anasema atakichomeka kwenye soketi ileile ya friji, kipande cha nje atakitundika juu ya mlango wa uani, na hewa iliyobaki ndani ya mabomba ataitoa kwa kuisukuma na gesi yenyewe. Je, nimruhusu aanze?
Msomaji, Pasua

JIBU: Ndugu yangu, usimruhusu bado. Mambo yote matatu aliyokueleza yana kasoro, na mawili kati yake yanaweza kuhatarisha maisha ya mama unayetaka kumsitiri na joto.

Nianze na umeme. Kiyoyozi cha BTU 12,000 hutumia takribani kilowati moja au zaidi kidogo kinapokuwa kazini, na kile cha aina ya zamani huvuta umeme mwingi zaidi kwa muda mfupi kila kompresa, yaani pampu inayosukuma gesi ya kupozea, inapowaka. Mzigo huo huendelea kwa saa nyingi usiku kucha, na soketi iliyolegea, ambayo kwa friji peke yake haikuonyesha shida, huanza kupata moto taratibu nyuma ya ukuta mahali ambapo hakuna anayeona. Kwa hiyo kiyoyozi kipewe waya wake chenyewe kutoka kwenye kisanduku cha breka, kwa kawaida waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5, pamoja na breka yake ya ampia 16 au 20 kulingana na maelekezo ya mtengenezaji, na swichi ya kuzimia karibu na kipande cha nje ili anayekitengeneza asifanye kazi umeme ukiwamo. Breka ikikata mara kwa mara, atafutwe anayejua kuchunguza chanzo. Asikubaliwe mtu anayeweka breka kubwa zaidi juu ya waya uleule, kwa sababu kazi ya breka ni kulinda waya, na breka iliyozidi uwezo wa waya huuacha uungue.

Jambo la ethi, yaani njia ya kupeleka ardhini umeme unaovuja, nalisisitiza kwa wakazi wa Moshi hasa. Fimbo ya ethi hufanya kazi vizuri ardhi ikiwa na unyevu, na udongo ukikauka uwezo wake wa kupitisha umeme hupungua. Ethi iliyopimwa Aprili mvua zikinyesha inaweza kutoa majibu mazuri, kisha Februari, wakati kiyoyozi kinatumika kuliko miezi yote, ikawa dhaifu. Mwambie fundi aipime kwa kifaa wakati wa kiangazi, si kuitazama kwa macho tu, na aweke pia breka inayokata umeme unapovuja, yenye kipimo cha miliampia 30. Kazi hii ya nyaya ifanywe na mtu mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, na una haki ya kuomba akuonyeshe leseni hiyo kabla hajagusa chochote. Mita ya LUKU na lakiri zake asiziguse. Hizo ni za TANESCO.

Sasa gesi. Kabla ya yote, soma kibandiko kilicho kwenye kipande cha nje. Kikiwa kimeandikwa R22, ambalo ni jina la aina ya gesi ya kupozea, kitengenezwe kwa R22 tu. Asije mtu akakijaza R410A kwa sababu ndiyo aliyo nayo, kwani mgandamizo wa R410A ni mkubwa zaidi kwa zaidi ya nusu, na mitambo ya R22 haikuundwa kuuhimili. Kikiwa cha R32, ujue kwamba gesi hiyo inaweza kushika moto, kwa hiyo kuimwaga ovyo ndani ya chumba au karibu na jiko ni hatari. Hapo unaona ubaya wa ile njia ya kusukuma hewa kwa gesi. Zaidi ya hatari hiyo, hewa na unyevu havitoki vyote: hewa inayobaki huongeza mgandamizo na kuchosha kompresa, na unyevu huharibu mafuta yake. Njia sahihi ni kutumia pampu ya kunyonya hewa, kisha kuizima na kusubiri ukiangalia geji. Mshale ukirudi, kuna mahali panapovuja au unyevu haujaisha.

Kupima uvujaji hufanywa kwa naitrojeni kavu. Nakuomba ulishike hili kuliko yote niliyoandika: fundi akija na mtungi wa oksijeni wa kuchomelea ili ajaze mabomba, msimamishe papo hapo. Oksijeni yenye mgandamizo ikikutana na mafuta ya kompresa hulipuka.

Kuhusu mahali pa kipande cha nje, juu ya mlango hapafai. Kina uzito wa kilo 25 au zaidi, na hutikisika muda wote kinapofanya kazi. Ukuta wa tofali za saruji zenye matundu huachia bolti kidogo kidogo. Kwa nyumba ya chini, kijengewe jukwaa dogo la zege lililoinuka juu ya maji ya mvua. Najua wengi hukizungushia kizimba cha chuma kwa kuhofia wezi wa shaba, na sioni ubaya, ila nondo ziachane vya kutosha ili hewa moto itoke, na pasiwe na bati juu yake kwa karibu.

SWALI: Sisi tuko Sakina, Arusha. Kiyoyozi chetu kinatoa baridi na joto, lakini usiku wa Juni na Julai mke wangu huongeza jiko la mkaa chumbani, akisema kiyoyozi kitavuta ule moshi. Ni kweli?
Baba wa watoto wawili, Sakina

JIBU: Si kweli, mzee wangu, na jiko hilo litoke chumbani usiku wa leo. Viyoyozi vya nyumbani vya vipande viwili huzungusha hewa ileile ya chumba: huivuta, huipoza au kuipasha joto, kisha huirudisha. Mabomba yanayotoka nje hupitisha gesi ya mtambo na maji, wala hayaleti hewa mpya. Mkaa ukiwaka hutoa kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu, na vichujio vya kiyoyozi haviizuii. Tena, kwa kuwa mmeziba madirisha ili joto lisipotee, inajikusanya haraka zaidi. Kuona makaa mekundu yasiyo na moshi si dalili ya usalama.

Ikiwa kiyoyozi hakitoshi kupasha chumba, mwite fundi asafishe vichujio na kupima gesi, na mwongeze mablanketi. Mtu yeyote mle ndani akiamka na kichwa kinachouma, kizunguzungu au kichefuchefu, mtoeni nje kwenye hewa safi mara moja, mpelekeni hospitali, na mwambieni daktari kwamba kulikuwa na jiko la mkaa chumbani.