Lori linagonga: sikiliza kwanza, fungua baadaye

Barua za safari hii karibu zote ni za mlio. Lori la zamani, injini inatoa tik-tik au ko-ko-ko, na mwenye lori ameshaambiwa ashushe injini. Nawasihi, spana isitangulie sikio.

Fundi, nikiwasha asubuhi inafanya tik-tik-tik, ikipata moto inanyamaza. Ni tapeti?

Inanyamaza baada ya muda gani? Kama ni sekunde chache na injini yako ni ya tapeti (vipande vinavyosaidia kufungua valvu) zinazojaa oili, basi oili ilishuka usiku na sasa inapanda tena. Anza na filta, maana ile isiyozuia oili kurudi chini huleta hali hiyo hiyo.

Ikichukua dakika tano hadi kumi, mimi hutazama manifoldi ya eksozi, bomba linalokusanya moshi wa injini, kabla ya kitu kingine. Stadi (boliti inayoishikilia) ikikatika au gasketi ikiungua, moshi huchomoka kwa mapigo, na sikio hudhani ni valvu. Chuma kikipata moto hutanuka, upenyo huziba, mlio hupotea. Chukua kipande cha mpira mwembamba chenye urefu wa mkono, ncha moja iweke sikioni, nyingine ipitishe polepole kando ya manifoldi injini ikiwa bado baridi. Jihadhari na feni. Ukifika penye uvujaji, mlio utaruka sikioni kana kwamba mtu anakupulizia. Angalia pia masizi: utaona doa jeusi lililochanua pale manifoldi inapokutana na silinda hedi. Chunguza sana stadi za miisho yote miwili. Manifoldi ikitanuka, ndizo zinazovutwa zaidi.

Nimeshauriwa niweke oili nzito ili mlio upungue. Niweke?

Hapana. Utaufunika mlio huku chuma kikiendelea kulika, na asubuhi oili nzito itachelewa kufika juu kwenye roka, mikono midogo inayokanyaga valvu. Pima. Chomoa kijiti, tazama kiwango, kisha nusa. Oili ikiongezeka bila wewe kuongeza, na ikinuka dizeli, imechanganyika na mafuta na imekuwa nyepesi, tafuta yanakoingilia. Halafu fungua swichi ya presha ya oili, ufunge geji ya mshale. Kipimo ambacho mafundi wengi hukishika ni PSI 10 kwa kila mizunguko 1,000 kwa dakika, injini ikiwa moto, ingawa kitabu cha injini yako ndicho kinachokata shauri. Taa ya dashibodi isikudanganye: presha huwa imeshuka sana kabla haijawaka.

Tumeseti tapeti mara mbili, wiki haiishi mlio umerudi. Tatizo ni fundi?

Huenda fundi hana kosa. Fungua kifuniko, inua roka ya silinda inayolia, uipapase kwa kidole pale inapokanyaga valvu. Ukisikia kishimo, umepata. Jani la fila, kile kibati chembamba cha kupimia nafasi ya valvu, ni bapa, linapita juu ya kishimo kama ubao juu ya mtaro. Unapima, tuseme, milimita 0.40, na jani linatoka kwa ule mkwaruzo mzuri wa karatasi inayovutwa chini ya kitabu kizito, kumbe nafasi halisi ni kubwa kuliko hiyo. Roka ya namna hiyo haisetiki, ibadilishwe. Ikiwa roka ni nzima, viringisha fimbo ya kusukuma juu ya kioo uone kama imepinda, kisha pima kila valvu inainuka kiasi gani. Inayoinuka kidogo kuliko wenzake inakuonyesha kamshafti, shafti inayoendesha valvu, iliyolika.

Na tafadhali, msikaze tapeti ili tu mlio uishe. Valvu isiyofunga sawasawa haina pa kupozea joto lake, na huungua kimyakimya. Mlio mdogo wa tapeti zilizosetiwa kwa kipimo ni afya.

Langu halilii tik-tik, linagonga ko-ko-ko nikipanda mlima, na likipata moto ndiyo linazidi.

Zima, ndugu yangu, na usiliendeshe hata kulipeleka gereji. Mlio mzito unaozidi kwa joto na mzigo mara nyingi ni metali za konrodi, yaani beringi za mkono unaounganisha pistoni na krankshafti, shafti kuu ya injini. Ukisimama mapema, huenda ukabadilisha metali na kusawazisha krankshafti. Ukichelewa, konrodi hutoboa bloku.

Kuthibitisha kwenye injini ya pampu ya zamani, iwashe kwa dakika chache tu, ulegeze nati ya bomba la nozeli moja moja, ukiwa na miwani na kitambaa cha kuzuia mafuta. Ukilegeza ya silinda fulani na mlio ukapungua, tatizo liko hapo. Bado inaweza kuwa nozeli yenyewe, kwa hiyo ihamishie silinda nyingine: mlio ukiifuata, umeokoa injini. Ukibaki palepale, mwaga oili, pasua filta, kunjua karatasi yake juani. Chenga za rangi ya shaba zina maana metali imelika hadi tabaka la ndani.

Kwa injini za komoni reli, zile ambazo nozeli zote hupata dizeli kutoka bomba moja la presha kubwa, msilegeze bomba kabisa. Presha yake hupita baa 1,000, na mafuta yake hupenya ngozi.

Niliwahi kuletewa lori lililokwisha kuhukumiwa hivi. Tulivua mikanda, tukaiwasha injini kwa nusu dakika, tukasikia kugonga kuko mbele kabisa: boliti ya puli ya krankshafti ilikuwa imelegea. Tangu hapo, kuvua mikanda ni hatua yangu ya lazima kabla ya kushusha chochote.

Nikifungua swichi nasikia tik-tik-tik ya haraka, injini haizunguki.

Hiyo siyo injini. Umeme ni hafifu: safisha vichwa vya betri na waya wa bodi, kisha pima betri, na kama ni mbili pima kila moja peke yake.

Mlio wangu unakatika nikikanyaga klachi. Nishushe injini?

Usiiguse. Ukikanyaga klachi, shafti inayoingia kwenye giaboksi husimama, na beringi yake hunyamaza. Kagua oili ya giaboksi leo hii, kisha mwambie fundi ashushe giaboksi.