Kabla ya Kuulizia Bei, Ulizia Maji

Shule zinakaribia kufungwa na ghafla kila mtu amekumbuka kwamba Tanga ipo. Barua ni nyingi. Zile za "Tanga kuna nini?" nimeziweka kando zote kumi na moja, kwa sababu anayeuliza hivyo huwa keshaamua kwamba hakuna kitu. Nimejibu hizi.

Nitakuwa Tanga Jumamosi moja tu, naingia asubuhi naondoka jioni. Nipange vipi Amboni, Tongoni, Pangani na kuogelea? (Kijana wa Sinza)

Hupangi, unachagua. Msemo wetu wa "waja leo waondoka leo" ni utani, kaka, wewe umeugeuza ratiba. Kutoka Dar ni kama kilomita 350, ukishuka kwenye basi kiuno chako hakina hamu na magofu. Mapango ya Amboni yako kaskazini ya mji, njia ya Horohoro. Magofu ya Tongoni na mji wa Pangani viko kusini. Nenda Amboni asubuhi, mchana kula samaki wa kupaka bila haraka, jioni kaa ufukweni Raskazone utazame ngalawa zinavyorudi. Hayo mengine yatakungoja.

Shikamoo. Ni kweli pango la Amboni linatokea Mombasa? Mwalimu wetu anasema linafika mpaka Kilimanjaro. (Mwanafunzi, Korogwe)

Marahaba, mwanangu. Hadithi utakayosikia ni ya Wazungu wawili, mtu na mkewe, walioingia pangoni na mbwa wao. Wao hawakuonekana tena, mbwa akaibukia mbali sana. Mimi nimezaliwa Chumbageni, na kwa umri huu mbwa huyo nimeshamsikia akitokea Mombasa, akitokea Moshi, na siku moja akitokea Nairobi. Inategemea wageni wa siku hiyo wametoka wapi.

Watafiti wa Kijerumani na Kituruki walioyapima mapango hayo mwaka 1994 walikuta ni mapango kumi yaliyo mbalimbali, na refu kuliko yote lina kama mita 900. Hata Tanga mjini halifiki, kwa sababu kutoka pale hadi mjini ni kama kilomita nane. Mwambie mwalimu taratibu, asijisikie vibaya.

Lakini usiende Amboni kwa ajili ya urefu. Yale ni mawe ya chokaa yenye umri wa kama miaka milioni 150, na maji ndiyo yaliyoyala kidogo kidogo mpaka zikabaki kumbi na vichochoro. Kuna mahali utapita umeinama, na pengine utatambaa. Kiongozi atakumulikia mwamba akuambie huu ni meli, huu ni tembo. Mengine yanafanana kweli, mengine ni heshima kwa kiongozi. Ukumbini mwa popo usipige kelele. Mwulize pia habari za Osale Otango, aliyejificha humo miaka ya 1950 akisakwa na serikali ya mkoloni. Kwa wengine alikuwa jambazi, kwa wengine mkombozi, na wazee wa hapa bado hawajamaliza ubishi.

Nikuonye jambo moja ambalo hukuuliza. Ndani mna mzimu, na watu wanaenda kuomba, hasa wanaotafuta watoto. Utakuta vitambaa, ubani, chakula. Kama huamini, usiamini kimya kimya. Nimewahi kuona vijana wakipiga picha na sadaka ya mtu vichwani mwao, wanacheka. Aliyeiacha pale hakuwa anacheka.

Njoo na tochi yako na viatu visivyoteleza. Wanaokuja na malapa najua wanajijua.

Je, Tongoni ilijengwa na Vasco da Gama? (Msomaji, Morogoro)

Hapana. Swali hili naletewa kila mwaka, na kila mwaka linanipandisha presha. Msikiti na makaburi ya Tongoni yalijengwa na Waswahili, watu wa pwani hii hii, kabla Mreno hajajua njia ya kufika huku. Da Gama alipita 1498, na aliporudi mwanzoni mwa 1499 mabaharia wake walikuwa wamekufa wengi mno hata hawakutosha kuendesha meli tatu. Akaichoma moja, São Rafael, kwenye maji ya huko huko. Mchango wake kwa Tongoni ni majivu.

Lakini mtu akiona jiwe limesimama pwani, haraka haraka atakwambia Mreno, ukimkatalia atakwambia Mwajemi, ukimkatalia tena atakwambia majini. Akiambiwa ni babu yake ndiye aliyechoma chokaa ya matumbawe na kusimamisha ile nguzo juu ya kaburi, anatazama pembeni.

Ukienda, ni kama kilomita 17 kwa njia ya Pangani, usipande juu ya makaburi, wala usimkalishe mtoto juu yake ili apate picha nzuri. Nguzo nyingi zimeshaanguka, zilizobaki hazitaki msaada wako.

Mimi ni mzaliwa wa Makorora, naishi Maskati mwaka wa tisa. Wanangu wamekulia mchangani: wikiendi ni vilima vya mchanga, mabonde makavu, na joto la kupika mkate. Nakuja likizo. Niwapeleke wapi wakaone mazingira tofauti kabisa? (Mama Nasra)

Karibu nyumbani, bibiye, na swali lako ndilo lililonifurahisha kuliko yote. Bahari wanayo huko, usiwaanzishie na bahari. Wapeleke msitu wa Amani.

Toka mjini hadi Muheza, hapo nunua machungwa, kisha kata kupanda Usambara ya Mashariki. Lami itaisha na baridi itaanza. Mtafika Zigi, penye lango la hifadhi na jengo la kituo cha reli waliloacha Wajerumani, kisha njia inapanda kwa makona mpaka masikio yazibe. Bustani ya Amani ilianzishwa 1902 kwa ajili ya kujaribu mimea kutoka kila pembe ya dunia, na msitu ulitangazwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997. Kwa watoto wa jangwani ajabu haitakuwa mnyama, maana wanyama wakubwa hakuna. Ajabu itakuwa unyevu wenyewe: mti umeota juu ya mti, ukungu umeingia mpaka kwenye kikombe cha chai, kinyonga mdogo kuliko kidole chao. Waonyeshe pia ua dogo la zambarau linaloota kwenye miamba yenye kivuli. Mzungu mmoja aliyekuwa mtawala wa Kijerumani hapa, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwao mwaka 1892. Leo linapandwa kwenye vyungu madirishani dunia nzima, na kwao ni hapa.

Laleni huko usiku mmoja. Wale watoto hawajawahi kulala wakisikiliza mvua ikidondoka kutoka kwenye majani masaa mawili baada ya kukatika.

Mkija wakati wa masika, gari dogo liacheni mjini. Utelezi wa ile njia haujui kwamba umetoka Maskati.

Na mkiwa mnapita kwenye mashamba ya mkonge, waambie ule mmea ni mgeni kutoka nchi kavu za Mexico. Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 mwaka 1893 kupitia Florida, ikafika hai 62. Mkoa mzima ulisimama juu ya hiyo 62.

Nikipiga mbizi nitamwona silikanti? (Deo, Arusha)

Hutamwona. Samaki huyo anaishi chini mno, mchana amejificha mapangoni, na waliomwona wengi walimwona ameshakufa kwenye jarife, wavu wa papa. Hifadhi yake ya bahari ilitangazwa 2009 ili aachwe, si ili tumtembelee.

Tumesikia Maziwe ni pazuri kuliko Zanzibar. Tupo watu kumi na wawili, tunataka kufika saa nane mchana tukae mpaka jua lizame. Boti bei gani? (Kikundi cha kazini, Dodoma)

Ndugu zangu wa Dodoma, nawapenda, lakini hebu tuanze upya.

Maziwe ni fungu la mchanga mweupe, kama kilomita nane baharini kutoka Pangani. Zamani kilikuwa kisiwa kamili, chenye mivinje, na kasa walikuwa wakipanda kutaga kwa wingi mpaka pakatangazwa hifadhi mwaka 1975. Bahari ikala kisiwa. Miti ikaanguka, sasa umebaki mchanga na matumbawe yanayouzunguka. Kasa bado wanakuja, hawajaambiwa, na mayai yao huhamishwa yakafukiwe pwani ya Ushongo ili yasizame. Maana wakati wa bamvua, siku maji yanapopanda na kushuka kupita kawaida, yakijaa Maziwe haipo. Haipo kabisa, ndugu zangu.

Sasa hesabu ya mvuvi yeyote wa hapa: mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, ni bamvua, na maji hupwa sana kwenye saa nne, saa tano asubuhi, kisha hujaa kwenye saa kumi jioni. Tofauti ya kupwa na kujaa inapita mita tatu. Kila siku saa zinasogea mbele karibu dakika hamsini. Ninyi mnataka kufika saa nane na kukaa mpaka magharibi. Ikiangukia bamvua, mtafika mchanga unaaga.

Nasema hivi kwa kuwa mimi mwenyewe nimeshafanya ujinga huo. Nilikuwa na wageni, mmoja alichelewa kwa sababu alikuwa anatafuta miwani ya jua inayoendana na kanga yake. Tulipofika, nahodha alizima mashine, akatuonyesha maji ya kijani akasema, "Ni hapa." Tukala katlesi zetu ndani ya boti, zimelowa chumvi, watu wawili wanatapika upande wa pili. Miwani ilipendeza.

Kwa hiyo kabla ya kuulizia bei, ulizia maji. Muulize nahodha lini maji yanapwa asubuhi, ndipo muombe likizo kazini. Msimu mzuri ni wa kaskazi, Desemba mpaka Machi, bahari imetulia na chini kunaonekana. Kusi likivuma, mtu wa bara asijifanye baharia. Hakuna kivuli hata cha kumtosha kuku, bebeni maji ya kunywa, mvae viatu kwenye matumbawe, na kila mtu awe na jaketi la kuokolea maisha mwilini, si lile lililofungwa chini ya kiti kwa kamba. Nahodha akisema hana majaketi kumi na mawili, nyie si kumi na wawili tena, au si nahodha wenu.

Bei mtapatana. Malipo ya hifadhi yana namba yake ya kumbukumbu, mnalipa kwa simu au benki na mnapewa risiti. Anayewaambia "nipe tu mkononi nitawapitisha" anawapitisha ninyi na kuipita serikali.

Maji moto ya Galanos yanatibu ukurutu? Mwanangu ana miaka minne. (Mama wa Usagara)

Yana kiberiti, yananuka yai bovu, na watu wazima wengi wanatoka wakisema ngozi imekuwa laini. Ngozi ya mtoto wa miaka minne mpeleke kwa daktari kwanza, uje huku baadaye kutembea. Pima maji kwa mkono kabla ya kutia mguu. Na mto Zigi ulio jirani una mamba, usimwache akaoshee viatu huko.

Ni kweli nyuki ndio waliowashinda Waingereza Tanga? (Fundi, Mwanza)

Nyuki waliwauma pande zote mbili. Ile Novemba 1914 jeshi la Waingereza la karibu watu 8,000 kutoka India lilitua Raskazone bila haraka, likawakuta Wajerumani na askari wao Waafrika, kama 1,000, wameshajipanga. Tunamsifu nyuki ili tusimtaje askari. Pita makumbusho ya Urithi kwenye Boma la zamani utazame picha za mji wenyewe.

Natafuta sehemu ya jangwa karibu na Tanga kwa ajili ya picha za harusi. (Bi. Harusi Mtarajiwa)

Jangwa hatuna, bibi. Pakavu kuliko kwingine ni Mkomazi, hifadhi ya taifa tangu 2008, ambako kuna faru weusi wanaolindwa kwa uzio. Shela ndefu na miiba ya migunga haviendani. Fikiria tena Raskazone.

Ngamiani kuna ngamia? (Mtoto wa darasa la tatu, kupitia kwa baba yake)

Wazee wanasema zamani misafara ilikuwa ikiwapumzisha hapo. Siku hizi kuna bodaboda, barabara ya kwanza mpaka ya ishirini na moja, na wao hawapumziki.