Kila kipupwe moyo wangu unazima: je, ni upungufu wa imani?

SWALI: Assalaam alaykum, sheikh. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nimeolewa hapa Uyole, Mbeya. Kila mwaka ikifika Juni, ukungu ukishuka na baridi ikaanza kung'ata, nabadilika. Nalala sana na bado naamka nimechoka, nalia bila sababu, Alfajiri inanipita, msahafu sitamani hata kuushika. Septemba jua likirudi napata nafuu. Mama mkwe anasema nina jini, jirani anasema imani imepungua. Mdogo wangu kasoma kwenye simu kwamba ni sonona ya majira ya baridi. Je, napata dhambi? Nifanye nini?

JIBU: Waalaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Binti yangu, nianze na dhambi, maana naona ndiyo inayokulemea zaidi. Huzuni si dhambi. Nabii Yaaqub (a.s.) alihuzunika kwa kumkosa Yusuf mpaka macho yake yakawa meupe, na Qur'ani haikumlaumu. Waliomsema ni wanawe, naye akawajibu kwamba yeye anamshitakia Allah sikitiko lake na huzuni yake (Yusuf: 86). Jirani yako apasome hapo.

Mdogo wako naye hajakosea sana. Sonona hiyo ilielezwa na daktari Norman Rosenthal na wenzake huko Marekani mwaka 1984, na huwapata zaidi watu wa nchi ambazo mchana wa majira ya baridi ni mfupi mno. Kaskazini mwa Norway jua hupotea kwa wiki kadhaa. Wagonjwa wengine hutibiwa kwa kukaa asubuhi mbele ya taa kali maalumu. Mbeya siyo huko: mchana wa Juni na wa Desemba hapa vinapishana kama saa moja tu. Kama ni ugonjwa uleule, aseme daktari. Lakini ukungu, kushinda umejifungia ndani na kuwa mbali na ndugu zako vinatosha kumwelemea mtu, na sonona ya kawaida nayo huweza kwenda na kurudi.

Kuhusu jini, jisomee Ayatul Kursiy na Muawidhatayn (sura za Falaq na Naas), hapana ubaya. Kwa mganga usikubali kupelekwa.

Sasa Alfajiri. Aliyepitiwa na usingizi huswali pale anapoamka, na hiyo ndiyo kafara yake (Bukhari na Muslim). Ila nikuulize: ukisikia adhana, kinachokurudisha chini ya blanketi ni nini? Wengi wanaonijia kipindi hiki, ukiwabana, wanakiri kwamba ni yale maji ya ndoo. Basi yapashe moto! Thawabu ya kutimiza udhu penye tabu haimaanishi uitafute tabu. Ukivaa khofu, yaani soksi za ngozi, ukiwa na udhu, unapaka maji juu yake mchana na usiku mmoja bila kuzivua, na wapo maulamaa wanaoruhusu hata soksi nzito. Amr bin Al-Aas (r.a.) alipata janaba usiku wa baridi kali safarini, akahofia kuangamia akioga, akatayamamu (akajipaka udongo badala ya maji) na kuwaswalisha wenzake. Mtume (s.a.w.) alipoelezwa alicheka, wala hakumkemea (Abu Daud). Wewe una jiko, kwa hiyo ruhusa yako ni maji ya moto. Na kwa kuwa nimetaja jiko: la mkaa lisilale nanyi chumbani milango imefungwa, hata mkaa uwe umekolea. Hewa yake inaua na haina harufu.

Ukishaswali usirudi kitandani. Julai jua letu huchomoza kama saa moja asubuhi. Likipanda kidogo swali Dhuha rakaa mbili, kisha toka utembee hata kama kuna ukungu, maana mwanga wa nje bado unaushinda wa ndani. Kumbuka Surat Dhuha ilishuka wahyi ulipokuwa umechelewa na Mtume (s.a.w.) ana huzuni, akaambiwa Mola wake hakumwacha wala hakumchukia. Msahafu ukiwa mzito, soma hiyo tu.

Bibi Aisha (r.a.) alikuwa akiwapikia wafiwa talbina, uji wa shayiri, kwa kuwa Mtume (s.a.w.) alisema unatuliza moyo wa mgonjwa na kuondoa baadhi ya huzuni. Shayiri ikikosekana, kunywa uji wa ulezi wenye maziwa. Sisemi kwamba ndiyo talbina, nasema usikae na njaa.

Hali hii ikizidi wiki mbili, nenda hospitali ya rufaa uulizie huduma ya afya ya akili. Allah hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia dawa (Bukhari), na kumeza kidonge hakupunguzi tawakkul, yaani kumtegemea Allah. Dawa za sonona huchukua wiki kadhaa kufanya kazi, usizikatishe mwenyewe. Ikikujia fikra ya kutaka kufa, mwambie mumeo saa hiyohiyo, akupeleke siku hiyohiyo, na usiachwe peke yako.

Mumeo naye asome jibu hili. Tumeamrishwa kukaa na wake zetu kwa wema (An-Nisaa: 19), na katika wema huo ni kuweka akiba ya nauli mapema, ili Juni uende Tanga ukakae na mama yako, au mdogo wako aje kwako mpaka baridi ipungue.

Wallahu aalam.